Kabati la Joto la Baba

12 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye, ndivyo tulivyolelewa. Sisi hatujambo. Wapwa zako wazima, wanakula mikate ya biashara kana kwamba wameajiriwa kuimaliza. Shemeji yako naye mzima, anaranda mbao zake uani na kuniletea vumbi la mbao mpaka kwenye kitanda. Baba hajambo kwa kiasi chake. Lile bega la kulia limegoma kabisa, mkono haupandi kupita kifua. Ule ubao mrefu wa kutolea mikate kwenye tanuri nimeushika mimi sasa, na yeye anakaa kwenye gunia la unga ananielekeza kwa kidevu.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho ulinikatia, mara ya kabla ya hapo nilikukatia mimi, na ya kabla ya hiyo sikumbuki nani alianza. Karatasi haikatiki. Utanisoma mpaka mwisho, unune usinune.

Kabati lako limefika. Limekuja vipande vipande, na shemeji yako, seremala mzima anayetengeneza milango ya watu, lilimtoa jasho kabla hata halijawashwa. Sebuleni halikuingia. Chumbani kwa baba halikuingia. Limeingia chumbani kwako, na kitanda chako tumekipeleka stoo ya unga, kimeegemezwa ukutani. Usiniulize kwa nini. Wewe ndiye uliyetuma kitu kikubwa kama choo cha shule, chenye mlango wa kioo na benchi la watu wawili ndani, sijui ulidhani baba ataingia na nani. Tena ulisema ni jipya. Chini ya benchi nimeokota kibanio cha nywele, na nywele bado zimo.

Sasa niambie, ulifikiri nini? Baba amesimama mbele ya tanuri tangu kabla hatujazaliwa. Nyusi yake ya upande wa moto haijawahi kuota ikajaa. Mtu kama huyo unamtumia joto liwe zawadi? Mimi sikukuomba kitu. Nilikuambia bega la baba limegoma, tanuri siliwezi peke yangu, njoo. Neno ni moja tu, njoo. Ukatuma kabati.

Na baba, kwa sababu limetoka kwako, analipenda. Hilo ndilo linalonichoma. Mimi namkanda bega kila jioni mpaka vidole vinakufa ganzi, sijawahi kusikia akiwasifia wateja vidole vyangu. Lakini kabati la kijana wake, kila anayekuja kununua mkate lazima aingizwe chumbani alione. Kila siku anajifunga shuka, anaingia. Na unajua anavyoingia? Anafungua mlango, anapitisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anatulia, anautoa, anasema, "Bado." Vilevile kama kwenye tanuri. Nikimwonyesha namba zinazowaka pale ukutani kwamba limeshafika, ananijibu namba haijawahi kuoka mkate.

Nami nimeweka mkono wangu, na kusema ukweli sikuona joto la maana. Kwetu sisi tanuri lenye joto hilo tungesema limezima tangu jana. Je, liliharibika njiani? Na wewe mwenyewe umewahi kukaa humo ndani? Nijibu hilo.

Dada yako


9 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hasira zimepungua tangu ulipobandika stempu. Mimi ni mzima, kazi inaendelea vizuri, baridi ya huku nimeizoea. Wasalimie wapwa zangu, na umwambie shemeji asante kwa kuliunganisha, najua si kazi ndogo. Baba mpe shikamoo yake mkononi, si kwa kupitisha tu mlangoni ukiwa na haraka.

Kwanza, si kabati. Ni sauna ya infraredi, kijumba cha kukaa mtu kwenye joto mpaka atoke jasho. Na ni kweli si mpya kabisa, hapa kazini walikuwa wanaweka nyingine nikaiomba hii. Niliogopa ungesema nimemtumia baba mabaki. Ona sasa, umesema.

Haijaharibika. Sauna za kizamani zinachemsha hewa mpaka unashindwa kupumua. Hii inatoa mionzi ya joto inayokwenda moja kwa moja mwilini, hewa inabaki ya kawaida. Damu inatembea vizuri, misuli inalegea, viungo vilivyokakamaa vinaachia. Mtu analala usingizi wa maana, mawazo yanapungua, sumu zinatoka kwa jasho, ngozi inang'aa. Yupo mteja wetu mmoja, mzee kama baba, anakuja anachechemea na kutoka amekunjuka, anapiga mluzi mpaka kwenye gari. Kila nikimwona namfikiria baba na bega lake. Ndiyo maana niliituma, na si kwa kukwepa kitu.

Kwa hiyo msikate tamaa mapema. Kama anasema bado, mwacheni akae mpaka asikie joto mwenyewe. Mwili una akili yake. Na usimsimamie kila dakika, dada, nakujua, utamgongea kioo mpaka atoke.

Umeuliza kama nimewahi kukaa ndani. Mimi ndiye ninayeziwasha hizi sauna asubuhi na kuzizima jioni. Niko nazo siku nzima.

Kuhusu kuja, likizo ikikubaliwa nitakuja. Lakini na wewe usiseme uliniomba. Uliniamuru, ukanikumbusha na nani alinilipia shule. Mimi na lile tanuri hatukuwahi kuelewana, unalijua hilo tangu nikiwa mdogo, na kila ukisema njoo mimi nasikia shika ubao.

Kitanda changu kiegemezwe ukutani kama ngazi? Na godoro je?

Mdogo wako


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimengoja jibu nimechoka. Najiambia posta imechelewa, halafu najiambia wewe ndiye umenuna. Simu yako inaita haipokewi. Ya shemeji anapokea, anasema "tupo, tupo," kisha anasema msumeno unawaka hanisikii. Saa zote msumeno unawaka, hata Jumapili. Nikiomba baba apewe simu, baba amelala. Tangu lini baba akalala mchana?

Kama umekasirika kwa yale niliyoandika kuhusu kuniamuru, sema. Umewahi kushindwa kusema?

Nimetuma taulo nyeupe kwa ajili ya baba, zile nzuri tunazowapa wateja wa heshima. Akae juu ya moja, nyingine ajifutie. Mwambie asipunguze muda wa kukaa, bega la miaka mingi halifunguki kwa siku chache. Na uniandikie anaendeleaje, hata mistari miwili.

Mdogo wako


20 Juni

Kwako wewe,

Wapwa zako wazima. Shemeji yako mzima. Baba yuko hospitali.

Nimeanza na wazima kwa sababu kalamu ilikataa kuanza na baba. Taulo zako zimefika. Nyeupe, laini, nzuri sana. Moja ipo wodini chini ya kichwa chake, maana mito ya kule ni migumu.

Barua yako ya Aprili ilifika nikiwa na unga mpaka kwenye nywele. Nilinawa, nikamsomea baba yote, hata yale maneno yako ya kuniamuru niliyasoma bila kuruka. Nilipofika mahali uliposema akae mpaka asikie joto mwenyewe, akanyanyua kidole. Akasema rudia hapo. Nikarudia. Akatikisa kichwa kwa furaha, akasema kijana anajua kazi yake.

Kesho yake akaingia. Akaweka mkono, bado. Akaniita, nikaacha nilichokuwa nakanda, nikaweka mkono wangu, nikasema kweli baba, bado. Nikamfungia mlango nikarudi kwenye meza. Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka uelewe kabla sijakutukana. Wewe umezaliwa nyuma ya tanuri. Unajua kwamba kwa mwoka mikate muda hauanzi mpaka tanuri lipate moto. Unaweza kungoja asubuhi nzima, hiyo haihesabiki, unaanza kuhesabu ukishatia mkate. Ndivyo alivyofanya. Alikaa humo anangoja lipate moto ndipo aanze muda wake. Likajizima lenyewe, akaliwasha tena. Likajizima, akaliwasha. Alikuwa anangoja kuanza, kumbe ameiva zamani.

Nilisikia kishindo nikadhani gunia limeanguka stoo. Sikwenda papo hapo, nilimalizia kwanza kukata madonge. Nilipokwenda nikamkuta amelala nusu ndani nusu nje, nyusi imepasuka kwenye kona ya mlango, shuka limelowa utadhani limetolewa kwenye ndoo. Nilimwita hakuitika. Shemeji yako alimbeba, tukampeleka na gari la mikate, trei zikigongana nyuma njia nzima, nami nimemshika kichwa nisijue kama nimeshika mtu aliye hai.

Daktari alisema maji yalikuwa yamekwisha mwilini na presha imeshuka mpaka chini. Vile vidonge vyake vya presha vinamkojoza, ukijumlisha na jasho lile hakubaki kitu, moyo ukaanza kwenda ovyo. Akanieleza kwamba kabati la namna hiyo hupimi kwa hewa. Mkono ukiupitisha tu hauambii kitu, na ukiona jasho ujue umeshapata joto lako siku nyingi. Mzee anayekunywa dawa zile alitakiwa amuulize yeye kwanza, na akiruhusiwa akae kidogo sana, na mtu pembeni. Akauliza nani aliwaambia akae mpaka asikie joto. Nikasema mwanawe. Akauliza, huyo mwanawe ni mtaalamu wa mambo hayo? Nimekusema kwa watu wengi maishani mwangu, lakini pale nilishindwa.

Siku ya tatu baba alifumbua macho akanitambua. Nilikuwa nimejiandaa anililie, anilaumu, aulize yuko wapi. Unajua alisema nini? Alisema, "Lilikuwa bado." Hata na mpira puani alikuwa anatetea kabati lako.

Sikukuambia kwa sababu sikutaka. Shemeji yako nilimkataza, usimsumbue na misumeno yake. Nilijiambia, kama hakuja kumsaidia akiwa mzima, asije mbio kumzika. Ndivyo nilivyosema na sirudi nyuma. Sasa madaktari wanasema huenda akapona, ila kusimama tena mbele ya tanuri hakuna anayeniahidi. Na kwa baba hilo ndilo kuishi kwenyewe, unajua kama ninavyojua.

Uliandika mambo mengi kuhusu lile kabati. Damu, misuli, usingizi, ngozi kung'aa. Hukuandika kwamba ndani hutasikia joto. Mtoto wa mwoka mikate, unawaandikia waoka mikate, na hilo moja hukuliandika. Nilikuuliza Machi kama umewahi kukaa humo ndani, ukanijibu habari za kuwasha na kuzima. Nakuuliza tena. Usinitumie barua nyingine isiyo na jibu la swali hilo, na usinitumie taulo.

Dada yako


15 Julai

Dada,

Shikamoo. Wapwa zangu na shemeji wasalimie.

Mwezi mzima. Baba yangu anawekewa dripu, mimi nipo huku nakunja taulo na kuchekeana na watu, kwa sababu wewe umekaa ukaamua kwamba sistahili kujua. Nani alikupa hiyo kazi? Tanuri lako, funguo zako, baba yako, na sasa hata ugonjwa wake ni wako, unagawa ukitaka. Angekufa, ungeniandikia nini? Wapwa zako wazima, shemeji yako mzima? Niliisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi za kazini, na watu wananipita wananiambia samahani.

Tena ulikuwepo. Mimi nilikuwa mbali, lakini wewe ulikuwepo, ulitia mkono ukasema bado, ukafunga mlango ukarudi kwenye unga. Aliyefunga mlango ni wewe.

Mstari huo nilitaka kuukata. Nimeuacha, kwa sababu na mimi nimeyasoma yako yote.

Sasa jibu lako. Hapana. Sijawahi kukaa humo ndani.

Wafanyakazi haturuhusiwi. Jasho la wateja ndilo linaloruhusiwa kwenye yale mabenchi, letu hapana. Niliwaambia nyinyi niko kwenye ushauri wa afya, na baba akawatangazia watu wote. Dada, mimi nafuta jasho. Mteja akitoka naingia na kitambaa na chupa ya dawa, nafuta benchi, nafuta sakafu, nafuta kioo, natoka, anaingia mwingine. Mlango unakuwa wazi na nina haraka, sijawahi kukaa humo kiasi cha kusikia chochote. Yale yote niliyowaandikia ni maneno anayowaambia wateja yule dada wa mapokezi. Nimeyasikia mpaka nayaota. Yale ya hewa kubaki ya kawaida niliyaandika kwa mkono wangu, na sikufikiri hata kidogo kwamba kuna mtu atapitisha mkono. Mimi, niliyelelewa na mkono ule.

Jumapili iliyopita nilifika kabla hatujafungua, nikawasha moja, nikafungua mlango. Na kabla sijajua ninafanya nini, nikawa nimepitisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Mdomo wangu ukasema "bado." Mara ya mwisho kutia mkono kwenye tanuri la baba nilikuwa na hasira na nikaapa sitarudia.

Nikaingia nikakaa. Sikusikia kitu. Nikajiambia hii nayo mbovu, kama baba alivyojiambia. Halafu nikaona matone yanaanguka kwenye goti, nikadhani bomba linavuja juu, kumbe ni mimi. Nilipoinuka ukuta ulihama, ikabidi nijishike kwenye kitasa. Nina nusu ya umri wake, na sinywi dawa yoyote. Nikarudi kukaa sakafuni nje, nikaelewa nilichomfanyia. Nililia, na ukitaka kucheka cheka.

Nisikufiche na lingine, maana nimeshaanza. Mgongo wangu ni mbovu tangu mwaka jana kwa kuinamia yale mabenchi, kuna siku viatu navivaa nimelala. Sikuwaambia kwa sababu ningesikia ungesema nini. Nilipotoka mle ndani mgongo ulikuwa umeachia. Siku nzima nilitembea wima. Naona vibaya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sijui sasa nifanye nini. Nataka kuja. Sijui kama ninatakiwa. Nije?

Mdogo wako


30 Agosti

Mdogo wangu,

Sijakusamehe. Nimelitanguliza ili usisome barua yote unalitafuta.

Wapwa zako wazima. Shemeji yako mzima, amepumzika na misumeno ya uongo, anasema hatakubali tena kazi hiyo hata akilipwa. Baba yupo nyumbani. Alitoka hospitali mwanzoni mwa mwezi, amekonda, kovu limekaa pale pale ambapo nyusi haikuota, kwa hiyo hajaharibika sura zaidi ya alivyokuwa. Huo ni utani wake, si wangu.

Uliandika kwamba aliyefunga mlango ni mimi. Ni kweli. Nausikia kila nikifunga mlango wowote, hata wa choo. Umeshasema mara moja, usiseme tena.

Kuhusu kazi yako, baba nilimwambia. Nilitaka aumie kidogo, nikuambie ukweli, nilikuwa nimechoka na kijana wake anayejua kazi. Akafikiri, akasema mtu anayefuta jasho la wenzake anafanya kazi ya kweli, kwa nini alituficha? Nikabaki na hasira zangu mkononi sina pa kuzitupa. Na huo mgongo wako, mjinga wewe, mwaka mzima unavaa viatu umelala na unanitumia habari za ngozi kung'aa.

Sasa kabati. Siku ile ile alipotoka hospitali, hata chai hajanywa, aliomba aingie. Nikamwambia shemeji yako akate waya, akaukata. Baba akanuna. Hakutusemesha, alikuwa akitaka chumvi anaizungukia meza mwenyewe. Siku ya kliniki akavaa shati la kutokea, akaingia peke yake kwa daktari, akaniacha kwenye benchi la nje kama mzigo. Alipotoka alikuwa na masharti yake kamili. Dawa ya presha imebadilishwa. Anaruhusiwa muda mfupi, joto la chini, mlango usifungwe wote, maji kabla na maji baada, na mtu awepo hapo hapo. Yale mambo yenu ya sumu kutoka kwa jasho daktari ameyakataa, kasema kazi hiyo ni ya figo na ini na zinaifanya bure. Lakini kiungo kilichokakamaa kinaweza kufaidi joto, na usingizi pia, kwa baadhi ya watu. Ajaribu, asijitie ushujaa.

Shemeji yako akaunga waya. Mimi nakaa nje ya mlango, nimegeuza ndoo, saa ya jikoni ipo mapajani, namwangalia baba yangu kupitia kioo. Hangojei tena muda uanze, kwa sababu muda nauanzisha mimi akikaa tu. Mwanzoni bado alikuwa anapitisha mkono. Nilimpiga kofi la mkononi, mimi, nimempiga baba kofi, akacheka.

Na sasa sikia kinachoniudhi kuliko vyote. Linamsaidia. Nilikuwa nimeshaliazimia shoka, najua hata pa kuanzia, pale kwenye kioo. Badala yake nalifuta vumbi. Analala usiku bila kuguna. Akitoka mle bega likiwa bado na joto ndipo namkanda, na ule mkono uliogoma unanifuata. Jumatano iliyopita aliinuka kwenye gunia, akafikia kopo la hamira kwenye rafu ya juu, akalishusha mwenyewe. Tukaendelea na kazi. Nilikwenda stoo nikasimama nyuma ya kitanda chako mpaka macho yakakauka.

Ubao wa tanuri hajaushika. Huenda hataushika. Daktari haahidi na mimi nimeacha kuuliza.

Lipo jambo moja nilitaka kulinyamazia, lakini nimekunyamazia vya kutosha mwaka huu. Baba akiingia anakaa pembeni kabisa, amebanwa na ukuta, goti limekunjwa. Amekaa hivyo tangu siku ya kwanza kabati lilipofika, nilidhani anaogopa kuchafua. Juzi nikamwambia, baba, benchi lote hilo lako, sogea katikati unyooshe mguu. Akanitazama kama nimemwambia akae kwenye kiti cha mgeni.

"Hapa pana mwenyewe," akasema, akionyesha kwa kidevu ile nusu ya benchi iliyo wazi.

Akafumba macho. Mimi Machi nilikuandikia kwa kejeli kwamba sijui ulidhani baba ataingia na nani. Kumbe yeye alikuwa ameshajijibu.

Halafu wewe unaniuliza uje. Unauliza, mtu mzima. Kabati halitoki chumbani kwako, kwa hiyo utalala stoo ya unga, kitanda nimekishusha ukutani nimekitandika, godoro nimelianika na panya nimewafukuza. Ubao sitakushikisha kama hutaki, nimeuzoea. Usilete taulo, na yale maneno ya mapokezi yaache huko huko. Njoo na huo mgongo wako uukalishe hapo palipo wazi. Mimi nitakuwa nje kwenye ndoo yangu na saa yangu, na muda ukiisha nitawatoa wote wawili, mtake msitake.

Dada yako, bado na hasira